Archives: makaratasi yanayolinda jina, kiwanja na ukweli

Archives ni makaratasi, picha na sauti zinazochungwa kwa sababu zitahitajika tena: acte de naissance, hukumu ya tribinali, daftari ya ndoa, ramani ya kiwanja. Kwa mkaaji wa Kivu ao Ituri, hiyo si kazi ya wasomi peke yao. Karatasi moja ikipotea, mtu anaweza kukosa namna ya kuonyesha kama kiwanja ni chake, ao mtoto alizaliwa na nani.

Sheria inasema nini?

Katika Congo, archives zinaongozwa na sheria nambari 78-013 ya tarehe 11 Julai 1978. Code de la famille, iliyorekebishwa mwaka 2016, inaomba kila mtoto aandikishwe ku état civil katika siku 90. Muda huo ukipita, ni lazima wazazi wapitie tribinali.

Upande wa udongo, sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inataka haki ya mwenye concession ionekane kwa certificat d'enregistrement. Certificat moja inabaki katika kitabu cha conservateur des titres immobiliers, ingine inapewa mwenyewe. Maana yake ni nyepesi: upande mmoja ukiharibika, wa pili unasema.

Makaratasi yanapotea namna gani?

Mvua, panya na mchwa vinaharibu polepole. Vita na moto vinaharibu siku moja. Tarehe 17 Januari 2002, volkano ya Nyiragongo ilipitisha lava katikati ya Goma, na nyumba nyingi ziliungua na vyote vilivyokuwa ndani. Na kila mara watu wanapokimbia, wengi wanabeba watoto na chakula, makaratasi yanabaki.

Archives zinasaidia nani?

Wakati wa ukoloni, viongozi wa Ubelgiji waliwanyanganya mama Wacongomani watoto waliozaa na wanaume wazungu, wakawapeleka kwa misheni. Wanamke watano kati ya watoto hao walipeleka leta ya Ubelgiji mbele ya sheria. Walishindwa mwaka 2021, lakini tarehe 2 Desemba 2024 cour d'appel ya Bruxelles ilisema kama hiyo ilikuwa kosa juu ya ubinadamu. Makaratasi ya wakoloni wenyewe yalisaidia kuonyesha kama ulikuwa mpango wa serikali. Yule aliyeandika hakufikiri kama siku moja karatasi yake itamshtaki.

Hapa kwetu, Rapport Mapping ya Umoja wa Mataifa, iliyotoka Oktoba 2010, ilikusanya matukio 617 ya uhalifu mkubwa kati ya Machi 1993 na Juni 2003. Tribinali ikitaka kuhukumu kesi hizo, itahitaji yale yaliyoandikwa na kuchungwa.

Kazi inabadilika

Zamani, archives zilikuwa za wakubwa. Uhuru ulipokaribia mwaka 1960, makaratasi mengi ya utawala yalisafirishwa Ubelgiji, na mpaka leo Mcongomani anayetafuta historia ya kwao analazimika mara nyingi kuitafuta kule. Leo archiviste anaombwa pia kumsaidia raia apate karatasi yake.

Skani na ordinateur vinasaidia, lakini havitoshi. Picha elfu zisizo na jina wala tarehe ni sawa na magunia ya makaratasi yaliyotupwa chini. Ordinateur moja katika biro moja inaweza kuibiwa ao kuungua kama daftari. Kwa hiyo kanuni ya zamani inabaki: kopi zaidi ya moja, mahali tofauti, na orodha inayoonyesha nini iko wapi.

Tena, si kila kitu kinafunguliwa kwa wote. Majina ya mashahidi wa Rapport Mapping yanachungwa kwa siri, juu ya kulinda maisha yao.

Jamaa inaweza kufanya nini?

- Kuweka makaratasi ya lazima pamoja, katika mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, karibu na mlango.
- Kupiga picha kila ukurasa, na kutumia kopi mtu wa kuaminika katika mji mwingine.
- Kuandika mahali fulani nambari ya acte ao ya certificat, tarehe, na biro iliyoitoa. Hata karatasi ikiungua, nambari hiyo inasaidia karani kutafuta katika kitabu.
- Kutotoa original kwa mtu wa katikati. Picha ya telefone haichukui nafasi ya original mbele ya tribinali.