Nyundo Ilisifiwa, Karatasi Ikasahauliwa

Kila zinapotajwa filamu za magereza, hatakosa mtu wa kusema kwamba gereza la Shawshank halikuwahi kuwapo duniani. Ni kweli. Stephen King alilibuni katika riwaya yake fupi iliyotoka mwaka 1982 ndani ya kitabu Different Seasons, akaliweka katika jimbo la Maine, Marekani. Lakini ukweli huo umebebeshwa mzigo usiouweza. Wapo wanaotuambia kwamba kwa kuwa gereza ni la kubuni, basi na matumaini yanayosimuliwa humo ni ngano ya kuliwaza watu. Hapo ndipo ninapokataa. Kuta tunazoziona katika filamu ya The Shawshank Redemption ni kuta za kweli. Zilianza kujengwa mwaka 1886 mjini Mansfield, jimbo la Ohio, na zaidi ya wanaume 155,000 walipitia humo kabla gereza halijafungwa tarehe 31 Desemba 1990. Kamera ziliingia katikati ya mwaka 1993, zikakuta seli tupu.

Nani alizifanya ziwe tupu? Vitabu na makala kuhusu filamu hii hupita swali hilo kwa sentensi moja, kana kwamba gereza lilizeeka na kufa lenyewe. Halikufa lenyewe. Lilifungwa kwa amri ya mahakama, katika kesi iliyofunguliwa kwa niaba ya wafungwa wake. Kesi hiyo ndiyo chanzo ninachotaka kisomwe sambamba na filamu, kwa sababu kinaonyesha kitu ambacho kimo ndani ya filamu yenyewe na sisi tumezoea kutokukiona.

Hadithi wengi wanaijua. Andy Dufresne, ofisa wa benki, anahukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1947 kwa kuwaua mkewe na hawara wa mkewe, mauaji asiyoyafanya. Humo anapata rafiki, Red, ambaye kazi yake ni kuwaingizia wenzake vitu kwa magendo. Baada ya miaka 19 Andy anatorokea kwenye tundu alilolichimba kwa kinyundo cha kuchongea mawe, na Red anapoachiwa anamfuata. Frank Darabont aliandika mswada na kuiongoza. Tim Robbins na Morgan Freeman wakaigiza. Filamu ilianza kuonyeshwa Septemba 1994, ikateuliwa kuwania tuzo 7 za Oscar bila kupata hata moja, na katika miezi yake ya kwanza mauzo ya tiketi hayakufikia dola milioni 25 zilizotumika kuitengeneza. Kanda za video na televisheni ndizo zilizoifikisha kwa watu. Upande huo wa biashara umeandikwa vya kutosha, nami sina la kuongeza.

Turudi Mansfield. Jengo lilichorwa na Levi Scofield, msanifu aliyeamini kwamba minara na matao makubwa yangeinua roho ya kijana aliyekosea. Lilikusudiwa kuwa gereza la marekebisho kwa wahalifu wa mara ya kwanza, mahali pa kati baina ya shule ya watoto wakorofi na gereza kuu la Columbus. Wafungwa 150 wa kwanza waliletwa kwa treni mwaka 1896, wakakabidhiwa kazi ya kuchimba mitaro ya maji taka na kujenga ukuta wa mawe ambao ungewazuia wao wenyewe. Baadaye likaja jengo la seli za chuma la ghorofa 6. Miongo iliyofuata nitaipita haraka, kwa kuwa ni ile ile ya magereza mengi: wafungwa waliongezeka, azma ya marekebisho ikafifia, jengo likachakaa. Habari za mizimu wanayouziwa watalii siku hizi nitaziacha kabisa. Nafasi hiyo ni haki ya watu waliolala humo wakiwa hai.

Kipindi kinachostahili kusomwa polepole kinaanza mbali na Ohio. Kwa muda mrefu mahakama za Marekani zilishika msimamo kwamba yanayotokea ndani ya gereza ni shauri la mkuu wa gereza. Mlango ulianza kufunguka mwaka 1964, katika kesi ya Thomas Cooper, mfungwa wa Stateville, Illinois, aliyelalamika kuwa amenyimwa vitabu vya dini yake ya Kiislamu. Mahakama Kuu ya nchi ilisema mfungwa anaweza kuwashtaki maofisa wa jimbo kwa kumvunjia haki zake za kikatiba. Mwaka 1972 David Ruiz, mfungwa wa Texas, aliandika malalamiko yake kwa mkono. Mwaka 1980 jaji akatoa hukumu iliyogusa mfumo mzima wa magereza ya jimbo hilo.

Baina ya kesi hizo mbili iko nyingine ambayo naipenda kuliko zote. Katika jimbo la Tennessee kulikuwa na kanuni iliyomkataza mfungwa kumwandikia mwenzake maombi ya mahakamani. William Joe Johnson aliivunja, akaadhibiwa kwa kutengwa na wenzake, naye akaipeleka adhabu hiyo mahakamani. Mwaka 1969 Mahakama Kuu ilimpa haki. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: magereza yamejaa watu wasiojua kusoma na kuandika vizuri, na kama jimbo haliwapi msaada mwingine, basi mfungwa mwenzao anayejua kushika kalamu ndiye njia yao pekee ya kumfikia jaji. Nijuavyo mimi, hakuna filamu iliyowahi kueleza urafiki wa gerezani kwa uzito kama huo. Rafiki ni yule anayekuandikia usichoweza kukiandika, akijua kwamba huenda akaadhibiwa.

Kesi ya Mansfield ilizaliwa katika hali hiyo. Ilifunguliwa mwaka 1978 katika mahakama ya shirikisho, wafungwa wakiungwa mkono na makundi ya haki za raia na ya makanisa. Madai yao yalikuwa kwamba msongamano na hali ya kinyama ndani ya gereza lile vilivunja haki zao za kikatiba. Ilichukua miaka 5. Mwaka 1983 pande mbili zilifikia makubaliano yaliyotiwa nguvu na mahakama, ambayo hadi leo hujulikana kwa jina la Boyd: hali irekebishwe, na jengo lile la seli lifungwe kabla ya mwaka 1986 kwisha. Gereza jipya lilichelewa kukamilika, tarehe ikasogezwa, na wafungwa wakaendelea kusubiri hadi mwisho wa 1990. Kutoka karatasi ya kwanza kuwasilishwa hadi mlango kufungwa ni miaka 12. Mwaka ule ule wa 1983 jengo liliingizwa katika orodha ya taifa ya majengo ya kihistoria. Serikali ilikiri kwa mkono mmoja kwamba jumba ni zuri la kutunzwa, na kwa mkono wa pili kwamba halifai kuishi binadamu.

Wafungwa hawakushinda kila mara, na historia ya haki haina budi kulisema hilo. Mwaka 1981 wenzao wa gereza la Lucasville, katika jimbo hilo hilo, walifika Mahakama Kuu wakipinga kuwekwa wawili wawili katika seli ya mtu mmoja. Wakashindwa. Mahakama iliona kwamba katiba haiahidi magereza yenye starehe. Aprili 1993 Lucasville ililipuka: wafungwa walishikilia sehemu ya gereza kwa siku 11, wakafa watu 10, yaani wafungwa 9 na askari magereza mmoja. Juni mwaka ule ule, watengenezaji wa filamu walianza kazi Mansfield.

Sasa itazame filamu upya, ukiwa na habari hizo mkononi. Watu hukumbuka nyundo. Mimi naona karatasi kila mahali. Andy anaokoa maisha yake juu ya paa kwa kujitolea kumwandalia askari hati za kodi. Anawaandikia wakubwa wa jimbo barua moja kila wiki kwa miaka 6 akiomba fedha za maktaba; zinapokuja dola 200 na masanduku ya vitabu vikuukuu, anaanza kuandika barua mbili kwa wiki. Haba na haba hujaza kibaba. Anamfundisha kijana Tommy kusoma hadi anafaulu mtihani wa sekondari. Tundu la ukutani linafunikwa na picha ya karatasi, na nyundo yenyewe imefichwa ndani ya Biblia, kurasa zikiwa zimekatwa kuanzia kitabu cha Kutoka. Mkuu wa gereza haangushwi na tundu. Anaangushwa na daftari la hesabu zake chafu, lililotumwa gazetini kwa posta. Na Red hafikishwi kwa rafiki yake na kitu kingine ila barua iliyofukiwa chini ya ukuta wa mawe, penye mti.

Wakosoaji wana hoja mbili ambazo lazima zijibiwe kwa heshima. Ya kwanza ni ya wanasheria. Mwaka 1965 Tommy anapoleta habari za muuaji wa kweli, Andy anamwendea mkuu wa gereza na kumsihi. Kwa nini haandiki mahakamani moja kwa moja? Miaka mitatu kabla, huko Florida, Clarence Earl Gideon alichukua penseli na karatasi ya gereza akaiandikia Mahakama Kuu kwamba alihukumiwa bila wakili; mwaka 1963 akashinda, akasikilizwa upya, akaachiwa huru. Mtu aliyeandika barua kwa miaka 6 kwa ajili ya vitabu angeandika pia kwa ajili ya uhai wake. Nakubali. Filamu ilihitaji mkuu wa gereza awe ukuta usio na mlango, kwa hiyo ikaifuta mahakama. Hilo ndilo pengo lake kubwa, na ndilo lililowafanya watazamaji waamini kwamba njia ya pekee ilikuwa kuchimba.

Ya pili inahusu rangi. Red wa kitabuni ni mzungu mwenye asili ya Ireland. Kumpa Freeman nafasi hiyo kulitupatia sauti ambayo bila yake filamu isingesimama, lakini filamu ikamweka Mwafrika huyo katika gereza la miaka ya 1940 ambamo ubaguzi karibu hausikiki. Aliyetoka kusoma habari za Cooper na Lucasville anaona kimya hicho. Hata hivyo siwaungi mkono wanaosema kwamba urafiki wa wawili hawa ni uongo. Katika siku zile 11 za Lucasville, makundi ya wafungwa weusi na ya wazungu, yaliyokuwa na uhasama mkubwa, yaliketi pamoja kujadiliana na serikali kwa madai ya pamoja.

Kuna jambo dogo la ujenzi ambalo kwangu linafumbua mengi. Darabont alitaka seli zinazotazamana, ili Andy na wenzake waonane na kusikizana. Kwa hiyo karibu matukio yote ya seli hayakupigwa gerezani. Ilibidi seli zijengwe upya katika kiwanda cha Westinghouse kilichokuwa kimefungwa, mjini hapo hapo. Mpango wa seli za Mansfield haukufaa kwa kusimulia urafiki. Mafundi wa filamu waliyabadilisha majengo ili watu waonane. Wafungwa wa kweli, ambao hawakuweza kubadilisha hata tofali moja, walilazimika kuonana kupitia karatasi.

Filamu ilipoanza kuonyeshwa, tarehe 23 Septemba 1994, zilikuwa zimepita siku 10 tu tangu Rais Clinton atie saini sheria kubwa ya kupambana na uhalifu. Ndani ya sheria hiyo kulikuwa na kifungu kilichowanyima wafungwa ruzuku za Pell, fedha za shirikisho zilizowawezesha kusomea shahada wakiwa gerezani. Sehemu yao katika fedha hizo ilikuwa chini ya asilimia 1. Mwaka huo idadi ya wafungwa katika magereza ya majimbo na ya shirikisho ilivuka milioni 1. Aprili 1996 ikaja sheria nyingine iliyoweka masharti mapya kwa mfungwa anayetaka kushtaki: amalize kwanza ngazi zote za malalamiko gerezani, alipe ada hata kama ni fukara, na malipo ya wakili wake yawekewe kikomo. Mwaka uliofuata televisheni zilianza kuirudia filamu mara kwa mara, na mamilioni wakalia kwa ajili ya Andy. Taifa zima lilimpenda mfungwa anayeandika barua, wakati sheria zake zikiwafungia kalamu wafungwa walio hai.

Leo jengo la Mansfield ni makumbusho. Wenyeji waliunda chama cha kulihifadhi, na wageni huja kuiona ofisi ya mkuu wa gereza na bomba alilotorokea Andy. Mti uliokuwa maarufu katika filamu, ulioko karibu na mji huo, ulipasuliwa na radi mwaka 2011 na ukaanguka mwaka 2016. Natamani anayeingia pale aonyeshwe kwanza makubaliano ya 1983, kabla ya bomba, kwa kuwa bila wafungwa waliofungua ile kesi asingekuwa na mlango wa kuingilia.

Ruzuku za Pell zilirudishwa kwa sheria ya mwaka 2020, zikaanza tena kuwafikia wafungwa kwa jumla Julai 2023. Andy alikaa Shawshank miaka 19. Mlango wa ruzuku ulikaa umefungwa kwa walio wengi miaka 29, na muda wote huo walikuwapo waliokaa wakiandika.