Kutoka Kromosomu W hadi Kipimo cha DMRT1: Historia ya Utafutaji wa Jeni za Jinsi katika Kiinitete cha Kuku, Ikitazamwa kutoka Nkololo

Katika kaya za wafugaji wa Nkololo, wilayani Bariadi, kuku huatamia kwa siku 21, kisha mwenye kuku husubiri wiki kadhaa kabla ya upanga wa kichwani kumwonyesha yupi ni jogoo na yupi ni mtetea. Mitetea ndiyo hukuza kundi. Vifaranga wengi wakiwa madume, ni rahisi kumshuku jogoo na kumbadilisha. Hasara hiyo haina msingi: jogoo ana kromosomu mbili za Z, hivyo mbegu zake zote hubeba Z, ilhali kuku jike, mwenye Z na W, hutoa ama hii ama ile. Jinsi ya kifaranga huamuliwa kabla yai halijatagwa. Kwa binadamu mambo ni kinyume. Mbegu ya baba ndiyo huamua, ingawa lawama ya kuzaa mabinti watupu imezoeleka kutupiwa mama.

Kujua nani hutoa W hakukueleza namna kiinitete kinavyopata ovari au korodani. Katika siku za mwanzo za kuatamiwa, tezi za uzazi za jike na dume hazitofautiani. Ugunduzi wa jeni ya SRY mwaka 1990, iliyo kwenye kromosomu Y ya mamalia, uliwapa watafiti kielelezo: jeni moja inayoamrisha. Wengi wakaitafuta jeni ya namna hiyo kwenye W. HINTW ilipewa nafasi kubwa, lakini haikuthibitika kuwa ndiyo mwamuzi. Kielelezo cha mamalia, kwa hakika, kiliwachelewesha.

Jibu lilitoka upande wa Z. Mwaka 1999 jeni ya DMRT1 ilibainishwa kuwa kwenye Z na kukosekana kwenye W. Basi dume ana nakala mbili, jike moja. Mwaka 2009 Craig Smith, Andrew Sinclair na wenzao nchini Australia walipunguza utendaji wa DMRT1 katika viinitete vya ZZ, na tezi zikaanza kuchukua sura ya kike. Sinclair huyohuyo alikuwa miongoni mwa wagunduzi wa SRY. Mwaka 2021 watafiti wa Taasisi ya Roslin, Scotland, walihariri jeni hiyo: viinitete vya ZZ vyenye nakala moja tu inayofanya kazi vilikuza ovari. Kinachoamua, basi, ni kipimo.

Suala la homoni ni gumu zaidi. Jaribio la mwaka 1992 lilionyesha kwamba kuzuia kimeng'enya cha aromatasi, kinachotengeneza estrojeni, huwafanya vifaranga wa ZW wakuze korodani. Ilionekana kana kwamba homoni inatawala mwili mzima. Lakini mwaka 2010 watafiti wa Roslin walichunguza kuku wachache wenye nusu ya kijogoo na nusu ya kike: ndege mmoja, damu moja, homoni zilezile, na bado kila upande ulifuata kromosomu zilizotawala katika seli zake. Ndege wa 2021 waliunga mkono hoja hiyo. Walikuwa na ovari, lakini walikua na umbo, upanga na vikucha vya jogoo.