Kijana aliyetaka kujua nani anasoma CV yake



Kila mmoja wetu mwenye kumaliza masomo anajua ile hali: unaandika CV, unapeleka huku na kule, kisha unangoja. Hujui kama kuna mtu aliifungua, ao kama walifungia karanga. Leo tuongee juu ya kijana mmoja aliyekuwa na swali karibu sawa na letu. Jibu alilolitafuta njo linaendesha sehemu kubwa ya intaneti hadi leo.

Jina lake ni Rasmus Lerdorf. Alizaliwa Greenland mwaka 1968, akakulia Denmark, kisha akafika Kanada. Mwaka 1993 alimaliza masomo ya uinjinia kwenye Chuo Kikuu cha Waterloo. Mwaka uliofuata aliweka CV yake kwenye intaneti, wakati kurasa za mtandao zilikuwa bado changa. Akataka kujua: watu wanakuja kuisoma kweli? Mara ngapi? Basi akaandika programu ndogo ndogo kwa lugha ya C, ambayo alikuwa anaijua tayari, ili zihesabu wageni. Akaziita Personal Home Page Tools, maana yake vifaa vya ukurasa wa mtu binafsi. Huo ndio mwanzo wa PHP.

Muangalie vizuri: hakukaa siku moja na kusema eti natunga lugha ya kompyuta. Kila mahitaji yalimsogeza hatua moja. Mgeni ajaze fomu? Akaandika programu ya kusoma fomu. Kuna data za kuhifadhi? Akaunganisha na hifadhi ya data. Tarehe 8 Juni 1995 alitoa vifaa vyake bure, na maandishi yote ya ndani, ili kila mtu aone na atengeneze. Mwaka 1996 mtumiaji aliweza tayari kujitungia amri zake mwenyewe. Ujuzi wa Rasmus ulikomaa ndani ya kazi, hatua kwa hatua.

Mimi ni mtu wa agronomia, kwa hiyo hapa naona muhogo. Muhogo hausubiri duka la mbegu. Jirani anakukatia vijiti, unapanda, na msimu mwengine na wewe unamkatia mwengine. PHP ilitembea vile vile. Mwezi wa Mei 1998 hesabu moja ilionyesha karibu majina 60,000 ya tovuti yenye kuitumia, kama 1% ya intaneti yote ya wakati ule.

Lakini kijiti kinabeba na ugonjwa. Kama shamba la jirani iko na mozaiki, unapokea na mozaiki. Zawadi ya Rasmus nayo ilikuwa na mozaiki yake. Mwanzoni, programu ilitafuta kila amri kwa kuhesabu herufi za jina lake. Ili majina yasirundikane kwenye urefu mmoja, alichagua mengine marefu makusudi, kama htmlspecialchars. Dawa ya siku moja! Miaka imepita, majina yale yako pale pale, juu tovuti nyingi sana zilishayategemea. Waandishi wa programu wanacheka mpaka leo.

Nani alisafisha shamba? Mwaka 1997 wanafunzi wawili wa Technion, kule Israeli, Andi Gutmans na Zeev Suraski, walikuwa na kazi ya chuo juu ya biashara ya mtandaoni. PHP haikuwatosha. Wakaanza kuandika upya sehemu inayosoma lugha yenyewe, kisha wakaongea na Rasmus. Angeweza kujibu kwamba shamba ni langu, tokeni. Alikubali wafanye pamoja. Toleo la 3 likatoka Juni 1998. Toleo la 4, Mei 2000, likaja na injini ya hao wawili, Zend, jina lililotoka kwenye Zeev na Andi.

Baadaye Wikipedia, WordPress na Facebook zilijengwa kwa PHP. Rasmus mwenyewe alifanya kazi Yahoo toka 2002 hadi 2009. Ile CV leo hakuna mwenye kuikumbuka. Tunakumbuka kifaa kilichokuwa kinaichunga.

Sisemi kukosa kazi ni kosa letu. Yeye alikuwa Kanada, umeme hauzimiki ovyo. Sisi tunahesabu mega na tunalala gizani. Tofauti hiyo ni ya kweli, tusijidanganye. Lakini alianza na swali dogo, na chombo alichokijua tayari, na hakuficha kazi yake kwa kuona haya kwamba haijakamilika.

Mimi nimeanza na daftari: kila juma naandika bei ya maharagwe kwenye soko letu, juu wakulima wananiuliza na sina jibu. Bado si programu. Na wewe, kwenye mtaa wako, swali gani dogo linakosa mwenye kulijibu? Tuandikie hapa chini, tusaidiane.