Picha ya okapi: miaka mia ya kuomba ruhusa

Picha za msitu wa Ituri zilianza kusafiri duniani kabla Kongo haijawa na hifadhi hata moja ya taifa. Kati ya 1909 na 1915, Herbert Lang na James Chapin, waliotumwa na jumba la makumbusho la New York, walizunguka kaskazini-mashariki mwa nchi wakikusanya wanyama na vyombo. Lang peke yake alipiga picha zipatazo 10,000. Mwaka 1932 ikafuata Congorilla, filamu ya Martin na Osa Johnson, iliyorekodiwa kwa sehemu miongoni mwa Wambuti wa Ituri, na Wamarekani wakalipa kiingilio kuitazama.

Kanuni za kuingia hifadhini zilianzia Kivu. Mwaka 1921 Carl Akeley alirekodi magorila katika milima ya Virunga, kisha akamsihi Mfalme Albert wa Ubelgiji awalinde. Hifadhi ya Albert, ndiyo Virunga ya leo, ikaundwa tarehe 21 Aprili 1925. Mwaka 1934 wakoloni waliunda taasisi ya kusimamia hifadhi zote za Kongo, na ndani ya eneo la hifadhi kamili hakuna aliyeingia bila idhini. Hapakuwa na haja ya kutaja kamera: aliyefunguliwa mlango ndiye aliyepata picha, na waliofunguliwa walikuwa hasa wanasayansi na wageni kutoka Ulaya. Mwenyeji aliyewinda humo tangu enzi za babu zake alibaki nje.

Uhuru haukuubadilisha sana utaratibu huo. Sheria ya uhifadhi ya 22 Agosti 1969 iliendeleza masharti ya kuingia, na enzi za Zaire mgeni mwenye kamera alitakiwa kuwa na kibali hata mjini. Sheria ya 5 Aprili 1986 kuhusu haki za watunzi ikamtambua mpiga picha kuwa mwenye kazi yake. Tangu hapo kuna haki mbili zinazopaswa kuheshimiana: picha ni mali ya aliyeipiga, na mahali ilipopigwa ni mali ya umma. Anayetaka kufanya biashara ya picha za hifadhini hana budi kupita kwa ICCN, taasisi ya uhifadhi ambayo nembo yake ni okapi.

Kwetu Ituri, Hifadhi ya Wanyama ya Okapi iliundwa mwaka 1992, ikiwa na kilomita za mraba zipatazo 13,700, na mwaka 1996 ikaingia katika orodha ya Urithi wa Dunia. Okapi alikuwa hata kwenye noti ya santimu 50 ya mwaka 1997. Hata hivyo, picha za kwanza za okapi akiwa porini zilitangazwa mwaka 2008 tu, zikiwa zimepigwa na kamera za kutega huko Virunga. Mnyama huyu ni mwoga, na usalama ni mdogo: Juni 2012 waasi walivamia kituo cha Epulu, ndani ya Hifadhi ya Okapi, wakaua watu pamoja na okapi waliotunzwa hapo. Ruhusa ya kuingia inalinda uhai wa mnyama, wa mlinzi na wa mpiga picha mwenyewe.

Picha nayo hulinda. Julai 2007 Brent Stirton alipiga picha ya wanakijiji wa Virunga wakimbeba gorila dume aliyeuawa. Ilichapishwa na jarida la Newsweek, na dunia ikaanza kuuliza nani anaua na kwa nini.

Mataifa mengine yanarekebisha kanuni zao. Marekani, kwa sheria iliyotiwa saini Januari 2025, imeondoa kibali na ada kwa makundi ya watu wasiozidi watano wanaopiga picha katika hifadhi za taifa bila kuharibu mazingira wala kusumbua wageni wengine, hata kama picha hizo zitauzwa.

Kongo haihitaji kunakili sheria hiyo, kwa kuwa msitu wenye watu wa silaha unahitaji uangalizi zaidi. Lakini kijana wa Bunia au Mambasa anayeishi kwa kamera yake anastahili kujua bei kabla ya kufunga safari, na bei yake isilingane na ya kampuni ya filamu kutoka ng'ambo. Ada ibandikwe hadharani, kwa faranga na kwa Kiswahili, risiti itolewe, na sehemu ya fedha iende kwa vijiji na kambi za Wambuti zilizomo hifadhini. Kwa zaidi ya karne moja wengine wameuza sura ya msitu huu. Wakati umefika wenyewe nao waruhusiwe kuiuza.