Prince Hall wa Boston na Chama Chake



Upande wa kaskazini wa mji wa Boston, juu ya kilima kinachoukabili mto Charles, kuna makaburi ya kale yaitwayo Copp's Hill. Wengi katika sisi tumepita chini ya kilima hicho mara nyingi, tukienda kazini au kununua samaki, tusijue kwamba humo wamelala Waafrika wanaokadiriwa kupindukia elfu moja. Mmoja wao ni Prince Hall, fundi wa ngozi, aliyefariki mwaka 1807. Nimeona inafaa habari zake ziandikwe katika kijitabu chetu cha mwaka huu kwa sababu moja: mtu huyu alijua faida ya chama katika nchi ya ugenini kuliko wengi waliomtangulia na wengi waliomfuata.

Kuhusu kuzaliwa kwake yamesemwa mengi. Kitabu kimoja kilichotolewa mwaka 1903 kilidai kwamba alizaliwa kisiwani Barbados mwaka 1748, na madai hayo yakanakiliwa kitabu baada ya kitabu kwa zaidi ya miaka sabini. Waliokuja kuzipekua nyaraka hawakuyaona yakithibitika popote. Lililo wazi ni kwamba magazeti ya Boston yalimpa umri wa miaka 72 alipofariki, kwa hiyo alizaliwa yapata mwaka 1735, na kwamba alikuwa mtumwa wa William Hall, mtengenezaji ngozi wa mji huo, ambako ndiko alikojifunza kazi. Bwana wake alimwandikia hati ya uhuru mwezi wa Aprili 1770, wiki chache tu baada ya askari wa Kiingereza kuwapiga risasi watu wa Boston barabarani. Kwa lugha ya wazee wetu wa pwani, alitoka katika utumwa akawa mwungwana. Lakini uungwana wa hati ni jambo moja, na kuhesabiwa mwungwana na watu wa mji ni jambo jingine.

Akafungua duka lake la ngozi, akaoa, akalipa kodi. Mwaka 1777, vita vya kutafuta uhuru wa Marekani vikiwa vimepamba moto, alikitengenezea kikosi cha mizinga cha Boston ngozi tano za ngoma, na hati ya madai ya malipo yake ingalipo. Ngoma walizozipiga wapiganaji wa uhuru ziliwambwa ngozi iliyotoka mkononi mwa mtu aliyekuwa mtumwa miaka saba kabla.

Sasa tuingie katika habari ya chama. Najua kwamba jina la Frimasoni huwatia hofu watu wengi wa kwetu, na kila mji wa pwani una jumba lake ambalo watoto hukatazwa kulikaribia jioni. Msomaji naomba aiweke hofu hiyo kando kidogo. Katika Boston ya wakati ule, loji ya Frimasoni ilikuwa ndiyo baraza la matajiri, manahodha na viongozi wa mji. Asiyekuwamo hakuwa na wa kumwombea dhamana wala wa kumtambulisha kwa gavana. Kwa mapokeo ya chama chenyewe, tarehe 6 Machi 1775 Prince Hall na wenzake 14, wote watu weusi walio huru, waliingizwa katika Ufrimasoni. Hawakuingizwa na loji ya wenyeji wa mji bali na loji ya kijeshi yenye hati ya Kiayalandi iliyokuwa katika jeshi la Mwingereza. Mwaka uliofuata jeshi hilo likaondoka Boston kwa merikebu. Watu wale weusi wakabaki na kibali chembamba mno: waliruhusiwa kukutana, kuandamana siku ya Mtakatifu Yohana, na kuzika maiti zao. Kumwingiza mwanachama mpya hawakuruhusiwa.

Kuandamana na kuzikana! Nani katika sisi hakitambui chama cha namna hiyo? Wazee wetu wa Lamu, Mombasa na Tanga walipounda beni, wakajigawa makundi kama Marini na Arinoti, wakavaa nguo za kijeshi na kupeana vyeo vya Kizungu, wageni waliwacheka wakiona ni mchezo tu. Hawakuona kwamba mwenye cheo cha jenerali katika beni ndiye aliyewajibika mwenzake akifiwa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa loji ya Prince Hall, waliyoiita African Lodge, yaani Loji ya Kiafrika. Mwaka 1784 Hall aliandika London kuomba hati kamili, akapewa ya tarehe 29 Septemba mwaka huo, loji yake ikahesabiwa namba 459. Hati yenyewe ilikawia njiani. Ilimfikia tarehe 29 Aprili 1787 kwa mkono wa nahodha James Scott.

Kabla ya hapo alikwisha anza kulipigia hodi baraza la kutunga sheria la Massachusetts. Januari 1777 yeye na wenzake saba walipeleka maombi ya kutaka utumwa ukomeshwe, wakitumia hoja zile zile ambazo waungwana wa Boston walizitumia dhidi ya mfalme wa Uingereza. Baraza halikutoa sheria yoyote. Utumwa ulikuja kuvunjwa na mahakama katika kesi za miaka ya 1781 hadi 1783. Mwishoni mwa mwaka 1786, wakulima maskini wa magharibi ya jimbo walipoasi kwa sababu ya madeni na kodi, Hall alimwandikia gavana Bowdoin kwamba loji yake iko tayari kusaidia kuuzima uasi. Sifichi kwamba barua hiyo hainifurahishi. Ni barua ya mtu ambaye bado anadhani kwamba utiifu hulipwa. Gavana aliikataa.

Wala haukupita muda. Tarehe 4 Januari 1787 watu weusi 73 wa Boston, Hall akiwa mstari wa mbele, waliomba wasaidiwe kurudi Afrika wakaanzishe makao yao wenyewe. Hilo nalo halikujibiwa. Oktoba mwaka huo huo Hall akarudi tena, safari hii akiuliza swali la watu walioamua kukaa: kwa nini tunalipa kodi kama wengine, na watoto wetu hawapati nafasi katika shule za bure? Miezi tisa inatenganisha maombi hayo mawili. Aliye miongoni mwetu ambaye hajawahi kupima jambo la kurudi na jambo la shule ya watoto katika mwaka mmoja, na asimame aseme.

Lakini kisa kinachoonyesha hasa chama kilikuwa na kazi gani ni kile cha Februari 1788. Watu watatu weusi walio huru wa Boston waliitwa katika chombo kilichokuwa bandarini wakiambiwa kuna kazi. Walipokuwa ndani, nanga ikang'olewa. Walipelekwa visiwa vya Karibi wakauzwe. Mambo kama hayo yalikuwa yakitokea, na mara nyingi yaliishia hapo, kwa kuwa mtu maskini akipotea bandarini nani atamtafuta, na nani atasikilizwa akisema kwamba fulani hayupo? Safari hii waliokosekana walikuwa na watu wa kuwataja. Tarehe 27 Februari Prince Hall na wenzake wapatao ishirini na wawili wa loji walipeleka maombi barazani, wakaeleza kisa chote, wakauliza uhuru wao una thamani gani ikiwa mtu huru aweza kuibwa mchana. Makasisi wa Boston na jumuiya ya Waquaker wakaunga mkono. Gavana Hancock na konsuli wa Ufaransa wakawaandikia magavana wa visiwa. Tarehe 26 Machi 1788 ikapitishwa sheria ya kuzuia biashara ya watumwa katika jimbo, nayo iliagiza pia kwamba jamaa za waliotekwa wapewe msaada.

Huko visiwani nako chama kilikwisha fika. Jeremy Belknap, kasisi na mwanahistoria wa Boston aliyekuwa akimfahamu Hall, aliandika kwamba mmoja wa wale watatu alikuwa Frimasoni. Walipotolewa kuuzwa katika kisiwa cha Saint-Barthélemy, kilichokuwa chini ya Uswidi, mfanyabiashara aliyeletewa naye alikuwa Frimasoni. Wakatambuana, mtekwa akasimulia yaliyompata, wakafikishwa kwa gavana wa kisiwa pamoja na nahodha aliyewachukua. Kabla ya mwaka kuisha watu wale watatu walikuwa wamerudi Boston, na watu weusi wa mji wakafanya furaha kubwa.

Ningependa kisa kiishie kwenye furaha hiyo, lakini siku ile ile ya 26 Machi baraza lilipitisha sheria nyingine, ya kuwazuia wazururaji. Ilisema kwamba Mwafrika asiye raia wa mojawapo ya majimbo ya Marekani hataruhusiwa kukaa Massachusetts zaidi ya miezi miwili. Akikaidi atafungwa na kupigwa viboko. Walioepushwa ni raia wa mfalme wa Moroko, kwa kuwa Marekani ilikuwa na mkataba naye. Raia wa masultani wa kwetu hawakutajwa, na bila shaka hakuna aliyewafikiria. Sheria hiyo haikuwa maneno matupu. Septemba 1800 gazeti la Boston lilichapisha majina ya watu weusi zaidi ya mia mbili walioamriwa kuondoka, kila mmoja na mahali alikotoka.

Hall alikuwa mzee wakati huo. Mwaka 1797, katika hotuba aliyoitoa Menotomy, mahali panapoitwa sasa Arlington, aliwaeleza wanachama wake jinsi watu weusi wanavyotukanwa na kupigwa katika mitaa ya Boston siku za sikukuu, akawataka wawe na subira, na papo hapo akawakumbusha yaliyokuwa yakitokea katika kisiwa cha Haiti, ambako watumwa walikuwa wamewainukia mabwana zao. Hotuba ilipigwa chapa. Mwaka huo aliwapa idhini watu wa Philadelphia, waliokuwa pamoja na kina Absalom Jones na Richard Allen, kuanzisha loji yao, na wengine wa Providence vile vile. Shule ya watoto weusi, ambayo jimbo lilimnyima, ilianza mwaka 1798 katika nyumba ya mtu, na baadaye ikahamia katika Jumba la Mikutano la Waafrika lililojengwa mwaka 1806, ambalo lingali limesimama Beacon Hill.

Loji Kuu ya Uingereza iliiondoa Loji ya Kiafrika katika orodha yake mwaka 1813. Waliobaki hawakuvunja chama. Walikiendesha wenyewe, wakakipa jina la mwanzilishi wao, na matawi yake yakaenea Marekani yote. London haikuitambua tena Loji Kuu ya Prince Hall ya Massachusetts hadi mwaka 1994.

Prince Hall alifariki Ijumaa tarehe 4 Disemba 1807. Mwaka 1895 wanachama wake walimjengea mnara pale Copp's Hill, na mwaka 2010 ukumbusho mwingine ukawekwa katika uwanja wa Cambridge Common. Atakayekwenda kuzuru kaburi ataona jiwe linasema alifariki tarehe 7. Asiidhanie kuwa ni siku nyingine. Hiyo ni Jumatatu ambayo magazeti ya mji yalitangaza kifo chake.