Kichomi cha wodini

Wazee hukiita kichomi, kwa kuwa ubavu huchoma mtu akivuta pumzi. Kliniki husema nimonia; mabango ya afya huandika homa ya mapafu. Majina matatu, na hakuna hata moja linaloeleza ugonjwa ulipatikana wapi. Kwa daktari wa wodi hilo ni swali la mapema kabisa.

Mpaka ni saa 48. Mtu kalazwa kwa mguu uliovunjika. Siku ya nne anapandisha homa, anatoa makohozi mazito ya njano, na eksirei inaonyesha doa jipya pafuni. Hiyo ni nimonia ya hospitalini. Ikianza mapema zaidi, huchukuliwa kwamba alikuja nayo. Aliyewekewa mrija wa mashine ya kupumulia ana kundi lake, na saa zake huhesabiwa tangu mrija uingie kooni. Utengano huu unahusu dawa: vijidudu vya wodini, kama Klebsiella na Pseudomonas, mara nyingi ni sugu.

Mwaka 2005 mwongozo wa Marekani uliongeza kundi jingine, la wanaohudumiwa nje ya wodi, kama wagonjwa wa dialisisi. Mwaka 2016 likaondolewa; lilikuwa likiwatwisha wengi antibiotiki kali bila haja. (Jina baya nalo hudhuru.)

Waandishi wenzangu, tuachane na “nimonia ya hospitali”, kana kwamba jengo ndilo linalokohoa. Tuandike nimonia ya hospitalini.