Kano za Vidole: Ushindi Haukuwa wa Uzi Peke Yake

Historia ya kutibu kano za kukunja vidole husimuliwa kama ushindi wa madaktari wa upasuaji, na sifa zote huenda kwa uzi na sindano. Ushahidi unadai mgawanyo mwingine wa sifa hizo. Sterling Bunnell, baba wa upasuaji wa mkono nchini Marekani, aliliogopa eneo la kuanzia kiganjani hadi katikati ya kidole. Hapo kano mbili hupita ndani ya ala moja finyu, na zikishonwa hunata kwenye kuta zake. Alishauri ngozi ifungwe tu, kano ipandikizwe baadaye. Mwaka 1941 Mason na Allen, waliochunguza mbwa, walionyesha kwamba kano iliyoshonwa hudhoofika siku za mwanzo kabla ya kupata nguvu. Kwa hiyo mkono ulitulizwa wiki tatu hivi, na katika utulivu huo kovu lilishika kila kilichokuwa karibu nalo.

Harold Kleinert wa Louisville alipotangaza mwaka 1967 kwamba alishona papo hapo katika eneo lile lile, wenzake walitia shaka. Lakini siri yake ilikuwa pia katika siku zilizofuata: mpira ulikikunja kidole, mgonjwa akakinyoosha mwenyewe, na kano ikateleza bila msuli wake kuivuta. Mwaka 1975 Duran na Houser walieleza kuwa mtelezo wa milimita 3 hadi 5 watosha kuzuia kunata. Kisha Gelberman na wenzake, nao kwa mbwa, waliona kano zilizosogezwa mapema zikipona zikiwa imara kuliko zilizotulizwa.

Wapo watakaosema kuwa mshono dhaifu ungekatika, hivyo uzi ndio uliotangulia. Hofu hiyo ni ya haki: kano hukatika hata leo, na banzi huvaliwa kuzuia kidole kisinyooshwe kupita kiasi. Hata hivyo, nyuzi zinazovuka mkato ziliongezwa kutoka 2 hadi 4 au 6 kwa sababu wataalamu walitaka mgonjwa akunje kidole kwa nguvu zake mwenyewe, kama walivyoruhusu madaktari wa Belfast walioripoti mwaka 1989. Mwendo ndio uliouagiza uzi. Watoto wadogo wangali wakitulizwa mkono wiki 3 hadi 4, kwa kuwa hawawezi kufuata masharti ya mazoezi, na mazoezi haya hayana mtu mwingine wa kuyafanya ila mgonjwa.